Kumpigia Kura Asiye na Nafasi

Tarehe 27 Oktoba 2025, Baraza la Katiba la Kameruni lilimtangaza Paul Biya, mzee wa miaka 92 aliyeshika nchi tangu Novemba 1982, kuwa mshindi wa urais kwa muhula wa nane. Alipewa asilimia 53.66 ya kura. Issa Tchiroma Bakary, waziri wake wa miaka mingi aliyejiuzulu Juni mwaka huohuo ili apambane naye, alipewa asilimia 35.19. Tchiroma alisisitiza kuwa mshindi ni yeye, watu wakaingia barabarani, damu ikamwagika, na Novemba mgombea mwenyewe akakimbilia Gambia. Januari 2026 ikawa zamu ya Uganda: Yoweri Museveni, aliyeko Ikulu tangu 1986, akatangazwa kumbwaga Bobi Wine kwa zaidi ya asilimia 70. Funzo ambalo wengi wamelichota hapo ni kwamba kumuunga mkono mnyonge dhidi ya mkongwe ni kupoteza kura, kupoteza muda na pengine kupoteza shingo. Nadhani funzo hilo limetokana na swali baya. Watu wameuliza, "Huyu atashinda?", wakajibiwa hapana, wakafunga daftari. Lakini kumuunga mkono mgombea asiye na nafasi si kubashiri mechi. Maswali yenye uzito ni mawili: akishindwa, waliomuunga mkono watabaki na nini mikononi? Na akishinda, nani atamdhibiti? Mpinzani asiye na jibu la swali la kwanza hafai kupewa jasho la mtu hata kama ana nyomi kila mkutano, na asiye na jibu la swali la pili ni wa kuogopwa hata kama maneno yake ni matamu.

Tuanze na chanzo cha nguvu ya mkongwe, maana hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Wafuasi wake husema anapendwa. Wapinzani husema anaiba tu. Yote mawili yanaweza kuwa kweli mahali fulani, ila kuna jambo la tatu linalofanya kazi kila siku, hata mwaka usio na uchaguzi: watu wenye kitu cha kupoteza wameshajipanga naye. Mfanyabiashara anayeishi kwa zabuni za serikali hampi mpinzani hela hadharani. Mkuu wa wilaya anajua kalamu iliyomteua ndiyo itakayomtengua. Mwenye redio hukataa tangazo la mpinzani kabla hajapigiwa simu na yeyote. Hakuna kati ya hao anayelazimika kumpenda bwana mkubwa. Inatosha kila mmoja aamini kwamba wenzake hawatamwacha. Ndiyo maana kauli ya "hawezi kushinda" ina thamani kwa mkongwe kuliko mabango elfu. Ikiaminika, hujitimiza yenyewe, na kila anayeirudia barazani, hata kwa masikitiko, anamfanyia mkongwe kampeni bila malipo.

Ukongwe huo hauna nguvu sawa kila ngazi. Nchini Kenya imekuwa kawaida sehemu kubwa ya wabunge kutorudi bungeni baada ya uchaguzi, lakini hakuna rais aliyewahi kugombea akiwa madarakani na kushindwa. Wapiga kura ni walewale, karatasi zinapigwa siku ileile. Mbunge hana amri juu ya polisi wala hateui wakuu wa mashirika, na wapiga kura wanamdai kwa karibu: basari za watoto, barabara, daraja, michango. Rais anaweza kulaumu wasaidizi wake; mbunge hana wa kumsukumia. Marekani mambo yamegeuka: wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wanaotetea viti vyao hurudi kwa zaidi ya asilimia 90 katika chaguzi nyingi, ilhali marais wamewahi kung'olewa baada ya muhula mmoja. Kwa hiyo anayesema "mkongwe hashindwi" au "mkongwe lazima aanguke" bila kutaja ni kiti gani na kura zinahesabiwaje, anapiga porojo.

Kisa cha Joe Crowley wa New York kinaonyesha ukongwe unavyooza kwa ndani huku nje unang'aa. Crowley aliingia bungeni 1999, alikuwa mtu wa nne kwa cheo katika uongozi wa chama cha Democratic kwenye Baraza la Wawakilishi, na tangu 2004 hakuna mwanachama mwenzake aliyekuwa amejitokeza kumpinga katika kura za mchujo. Juni 2018 akapata mpinzani wa miaka 28, Alexandria Ocasio-Cortez, aliyekuwa akifanya kazi ya baa. Ulipoandaliwa mdahalo huko Bronx, Crowley hakwenda. Alimtuma diwani wa zamani akae kwenye kiti chake. Hebu fikiria picha hiyo mbele ya ukumbi: mgombea upande mmoja, mwakilishi wa mgombea upande wa pili. Siku ya kura, tarehe 26 Juni, alishindwa kwa takriban asilimia 57 kwa 43. Kura zote zilizopigwa hazikufika 30,000 katika jimbo la watu wapatao 700,000. Wengi husimulia kisa hiki kama muujiza wa kijana na simu yake ya mkononi. Mimi naona hesabu. Mkongwe huyo aliishi kwa kutegemea kwamba wachache ndio watakaojitokeza, na pale palipo na wapiga kura wachache, kikundi kidogo kinachogonga milango kwa bidii kinatosha kupindua meza. Tusisahau pia kwamba hayo yalikuwa mashindano ya ndani ya chama, mahali ambapo hakuna aliyehofia kwamba masanduku yangebadilishwa usiku.

Pale ambapo hofu hiyo ipo, Gambia ndiyo darasa. Yahya Jammeh alichukua nchi kwa mapinduzi mwaka 1994 na aliwahi kujigamba kwamba angetawala miaka bilioni Mungu akipenda. Desemba 2016 alikutana na Adama Barrow, mfanyabiashara wa majengo ambaye ujanani aliwahi kuwa mlinzi wa duka London, na ambaye hata katika chama chake hakuwa jina kubwa. Aliteuliwa wakati kiongozi wao, Ousainou Darboe, yuko gerezani. Wagambia walipiga kura kwa gololi. Kila mgombea alikuwa na pipa lake lenye rangi na picha, mpiga kura anatumbukiza gololi kwenye kibomba, inagonga kengele ndani, na msimamizi aliyeko nje ya pazia anasikiliza: mlio mmoja, kura moja. Baiskeli hazikuruhusiwa karibu na vituo, maana kengele zake zingemchanganya msimamizi. Yote hayo yanachekesha hadi ufike kwenye jambo lililomwangusha Jammeh: mwaka huo kura zilihesabiwa palepale kituoni, mbele ya mawakala, badala ya mapipa kusafirishwa kwanza. Idadi ikishajulikana na watu kumi kijijini, ni vigumu kuibadilisha mjini. Barrow alipata asilimia 43.3, Jammeh 39.6. Jammeh alikubali kushindwa, siku chache baadaye akageuka, na ilibidi majeshi ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, yavuke mpaka kabla hajapanda ndege Januari 2017 kwenda Guinea ya Ikweta.

Ushindi ule ulitokana na mambo matatu ya kawaida kabisa: wapinzani wengi waliungana nyuma ya mtu mmoja, kura zilihesabiwa hadharani, na majirani walikataa kufumba macho. Kameruni ya 2025 haikuwa na hata moja kwa ukamilifu. Uchaguzi wake wa rais ni wa duru moja, anayeongoza ndiye anayechukua, hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomtaka. Kanuni hiyo iliwahi kumwokoa Biya waziwazi. Mwaka 1992 alitangazwa na asilimia 39.98, John Fru Ndi akapewa 35.97, na Bello Bouba Maigari zaidi ya 19. Miaka 33 baadaye Bello Bouba alikuwamo tena ulingoni, safari hii pamoja na Tchiroma, wote wawili wanasiasa wa kaskazini. Kenya nayo ilipitia njia hiyo: Desemba 1992 Daniel arap Moi alibaki Ikulu kwa takriban asilimia 36, huku Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga wakigawana zilizobaki. Miaka kumi baadaye sehemu kubwa ya upinzani ilipokwenda na mgombea mmoja, Kibaki alipata asilimia 62.

Hapa ndipo ilipo hoja nzito kuliko zote za wanaotuambia tusipoteze kura, na si haki kuipita juu juu. Katika duru moja, mnyonge wa tatu anaweza kuwa ndiye mlinzi wa mkongwe. Mpiga kura anayempa moyo wake mgombea wa asilimia tano anaweza kujikuta amempa mkongwe miaka mingine mitano. Nakubali. Ila hoja hiyo inakataza mgawanyiko, haikatazi upinzani. Na uzito wake unabadilika kwa kanuni za nchi. Senegal ina duru mbili, na mwaka 2000 Abdoulaye Wade alikuwa nyuma ya Rais Abdou Diouf kwa takriban kumi katika kila mia kwenye duru ya kwanza, kisha akashinda ya pili kwa asilimia 58. Wade alikuwa ameshagombea na kushindwa mara nne tangu 1978. Mwaka 2012 yeye ndiye aliyekuwa mkongwe aking'ang'ania muhula wa tatu, akaongoza duru ya kwanza kwa asilimia 34.8, na Macky Sall akamshinda ya pili kwa karibu asilimia 66. Kwa mpiga kura wa Dakar, kumchagua mnyonge kwenye duru ya kwanza hakukuwa na hasara yoyote. Kwa yule wa Douala kulikuwa na hasara. Anayetoa ushauri uleule kwa wote wawili hajasoma sheria ya uchaguzi.

Hoja ya pili ni ya hofu: eneo likimpigia mpinzani litanyimwa barabara, maji na vyeo, na anayesimama hadharani ataonekana. Sina dharau na hofu hii. Wakenya wa mwaka 1988 wanaikumbuka mlolongo, pale wapiga kura wa mchujo wa KANU, chama tawala cha wakati huo, walipotakiwa kupanga foleni nyuma ya picha ya mgombea au wakala wake mchana kweupe, chifu akitazama, na mgombea aliyepitisha asilimia 70 akahesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, na waliopanga mstari mrefu walisimama pale wakisikiliza. Hofu kama hiyo ina sababu. Lakini tuitazame inakoelekeza. Kama eneo linanyimwa huduma kwa kupiga kura vibaya, basi huduma si haki tena, ni ujira wa utii, na mkongwe akishajua kwamba eneo halina pa kwenda hana sababu ya kulilipa. Ngome za watawala wakongwe zimejaa vijiji vinavyopiga kura za ndiyo kwa mafuriko na kuteka maji kwenye madimbwi. Eneo linalopiganiwa ndilo linalotembelewa.

Halafu kuna ile hoja ambayo husemwa kwa kicheko na kuaminiwa kwa dhati: "Huyu keshashiba. Mkileta mpya, ataanza kula upya." Naiita hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosikika zaidi kwenye vijiwe. Inachukulia kwamba ulaji una kikomo, kwamba mtu akishajenga nyumba tatu na kununua mashamba atapumzika na kuanza kutumikia. Mambo yamekuwa kinyume. Tume iliyochunguza mali za Jammeh iligundua kwamba alijichotea angalau dola milioni 362 za Marekani, na hakuna dalili kwamba mwaka wa ishirini alichota kidogo kuliko wa tano. Kinachokua na miaka si shibe, ni idadi ya wanaolishwa: ndugu, wapambe, machawa, majenerali, wakwe. Mkongwe hawezi kuacha kula hata akitaka, kwa sababu siku atakayoacha, hao wote watatafuta mwenye sufuria mpya. Wenye kutumia methali ya zimwi likujualo halikuli likakwisha wakumbuke kwamba methali yenyewe inakiri kuwa zimwi linakula. Ubishi ni juu ya kiasi kitakachobaki.

Hoja ya uzoefu ni ya heshima zaidi, na nisingeipuuza. Bunge au serikali ni kazi yenye ufundi wake: bajeti inavyosomwa, kamati ipi inabana wizara ipi, nani wa kupigiwa simu mkopo ukikwama. Mgeni hupoteza mwaka mzima akijifunza milango. Lakini uzoefu hupimwa kwa kazi, haupimwi kwa kalenda. Anayetetea mkongwe kwa uzoefu aonyeshe jambo ambalo mkongwe amelifanya katika muhula wa nne ambalo asingeliweza katika wa kwanza. Akilionyesha, tumpe kura. Akikosa, anachoonyesha ni umri.

Sasa upande wa pili, maana wanaoshabikia wanyonge nao wana upofu wao. Upya si sifa ya uongozi. Barrow alipoingia, muungano uliompeleka Ikulu ulikuwa umekubaliana kwamba angekaa miaka mitatu tu kisha apishe uchaguzi mwingine. Yalikuwa makubaliano ya wanasiasa, hayakuwa sheria. Katiba ilimpa miaka mitano. Akaichukua yote mitano, akaunda chama chake, akashinda tena Desemba 2021. Vijana walioandamana kudai "miaka mitatu" walikutana na mabomu ya machozi ya serikali waliyoiingiza wenyewe. Wade tumeshamwona. Na Tchiroma mwenyewe hakuwa mtoto wa mtaani: kwa miaka kumi alikuwa waziri wa mawasiliano, yaani mdomo wa serikali ileile aliyokuja kuipinga. Simlaumu kwa kuhama; wakongwe wengi walioanguka waliangushwa kwa msaada wa watu waliotoka jikoni mwao, wanaojua visu vimewekwa wapi. Ninachouliza ni kile ambacho wafuasi wake walipaswa kumuuliza kabla ya kumpandisha jukwaani: umesaini nini? Ukomo wa mihula utaurudisha lini, kwa mswada upi? Tume ya uchaguzi utaiachia nani? Kipindi ambacho mpinzani anawahitaji watu ni kabla ya ushindi, na ahadi ambayo haikuandikwa kisheria wakati huo huwa haiandikwi tena.

Turudi kwa wanaoshindwa, maana ndio wengi. Hakainde Hichilema wa Zambia aligombea urais mara tano bila kupata. Januari 2015 kura 27,757 ndizo zilizomtenganisha na Edgar Lungu. Mwaka 2017 alikaa gerezani takriban miezi minne kwa shtaka la uhaini. Agosti 2021 alishinda kwa tofauti iliyokaribia kura milioni moja. Ukiangalia siku yake ya ushindi pekee utasema upepo uligeuka; uchumi ulikuwa umeanguka na nchi ilishindwa kulipa deni la nje mwaka uliotangulia, hilo ni kweli. Lakini upepo humsaidia aliye na tanga. Hichilema alikuwa na mawakala waliokwisha kulinda masanduku katika chaguzi kadhaa. Hao walitengenezwa na kura "zilizopotea" za 2006, 2008, 2011, 2015 na 2016.

Botswana inaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Chama cha BDP kilitawala tangu uhuru wa 1966. Mwaka 2014 kilipata asilimia 46.5 tu ya kura lakini kikachukua viti 37 kati ya 57 vilivyopigiwa kura, kwa kuwa wapinzani waligawanyika majimboni. Duma Boko, kiongozi wa muungano wa upinzani, alishindwa mwaka huo, akashindwa tena 2019. Mwaka 2024 chama tawala kiliporomoka, na kanuni ileile iliyokuwa ikikibeba ikakigeukia: BDP iliambulia viti vinne, na muungano wa Boko ukapata 36 kati ya 61 bila hata kufikisha nusu ya kura nchini. Nani angeweza kusema mwaka 2014 kwamba mpiga kura wa upinzani Gaborone amepoteza kura yake? Wengi walisema, na kwa muda wa miaka kumi walionekana wana akili.

Kwa hiyo hata matokeo rasmi ya Kameruni, ukiyachukua kama yalivyo, hayasemi yanayosemwa. Mwaka 2018 Biya alitangazwa na asilimia 71.28. Safari hii dola nzima, na hesabu ikiwa mikononi mwake, imeishia 53.66. Mfanyabiashara, ofisa na kamanda wanazisoma tarakimu hizo kwa makini kuliko sisi, na kila mmoja sasa ana shaka kidogo kama mwenzake atabaki. Huo ndio mtaji uliotokana na kumpigia kura asiye na nafasi. Swali ni nani ataukusanya, maana mgombea alikimbilia ughaibuni.

Na hapo kuna jambo ambalo wapinzani wa Kameruni walilipia bei kubwa. Maurice Kamto, aliyeshika nafasi ya pili 2018, hakuwamo kwenye karatasi ya kura ya 2025. Chama chake cha MRC kilisusia uchaguzi wa wabunge na madiwani wa Februari 2020 kwa kuuona ni mchezo uliokwisha kupangwa. Sheria ya nchi hiyo inataka chama kinachosimamisha mgombea urais kiwe na mtu wake aliyechaguliwa, hata diwani. MRC haikuwa naye. Kamto akalazimika kuhamia chama kingine kidogo, akatokea mtu wa pili aliyedai kuwa mgombea wa chama hichohicho, na jina la Kamto likakatwa. Kati ya maombi 83, yaliyopita yalikuwa 13. Chama cha Tchiroma hakikususia. Kilikuwa na viti vyake vichache vilivyochekwa na kila mtu, na ndivyo vilivyoliingiza jina lake kwenye karatasi.